Familia ya Katuba: kabati za jiko la Mama

Yaya Bibiche, 6:12
Yambo wadogo zangu wote. Leo tumalize jambo la kabati, na nani anatoa pesa. Fundi anataka jibu kabla ya Jumatatu. Jiko lile mnalijua, dirisha moja na linatazama ukuta wa jirani. Mbao nyeusi, giza juu ya giza. Jumapili nimemkuta Mama ameshika kopo la sukari akidhani ni chumvi, anataka kutia kwenye sombe. Tupake rangi ya maziwa.

Yaya Bibiche, 6:15
Na kazi si brashi tu. Mawese na moshi wa makala vimegandia pale miaka. Kwanza kuosha kwa maji ya moto na sabuni, ikauke, msasa namba 120, kisha 180, vumbi lote lipanguswe. Milango itolewe bawaba, ipakwe ikiwa imelala, rangi isichuruzike.

Papy, 9:40
👍

Yaya Bibiche, 9:41
Papy, kidole si pesa. Wengine mmesoma, naona.

Didier, 12:55
Mbao ile ni mulombwa, msisahau. Ukiipaka nyeupe ya maji moja kwa moja, wekundu wake unapanda, unapata madoa kama ya chai. Inataka kwanza rangi ya mafuta ya kuzuia madoa, ilale siku nzima, ndipo nyeupe mara mbili, nyembamba.

Yaya Bibiche, 12:56
Asante. Basi hiyo ya kwanza unanunua wewe?

Didier, 13:20
Sijasema hivyo.

Nadine, 13:24
Leo Didier anahurumia mbao za Papa. Na meza aliyoiuza je?

Didier, 13:25
Nadine, usianze.

Nadine, 13:25
Meza na viti 6. Tumefika kutoka Likasi kwenye kilio, watu wanakula bukari juu ya magoti.

Trésor, 13:31
Nani amewapa mende taarifa ya kuhama? 😂

Papy, 13:32
Wale wa chini ya sinki wana hati ya kiwanja 😂😂

Yaya Bibiche, 13:40
Nauliza pesa, mnajibu mende! Novemba mvua inaingia. Hewa ikishika unyevu, rangi ya mafuta inachelewa kukauka, milango inagandana na fremu.

Chantal, 16:05
Mama ametuma sauti, nimeandika kama alivyosema:
«Wanangu. Kabati hizo baba yenu alizipiga randa usiku, kwa taa ya petroli, nikiwa na mimba ya Didier. Ndani ya mlango wa kushoto kuna penseli yake, urefu wenu wote, mpaka wa Marie. Nje pakeni. Pale ndani mkono wa mtu usiguse. Na meza, mimi ndiye niliyesema iuzwe. Dawa zilikuwa zimekwisha.»

Nadine, 19:48
Mama, sikujua. Didier, pole.

Trésor, 19:50
Tumesikia, Mama.

Yaya Bibiche, 20:10
Basi nje rangi ya maziwa, mlango wa kushoto ndani tunauacha. Nani yupo Jumamosi kushusha vyombo?

Didier, 20:34
Mimi naleta msasa. Ile rangi ya kwanza tutaongea.

Yaya Bibiche, 20:35
Tutaongea lini? Jumatatu ndiyo hii.

Nadine, 21:02
Chantal, nipigie picha mstari wa Marie.

Chantal, 21:15
Umeme umekatika, yaya. Nimeangaza na simu, penseli imefifia sana. Kesho asubuhi, mwanga ukiingia.