Tupeane uzoefu: studio za chumbani Arusha na Moshi, sauti huharibikia wapi?

Mleta uzi
Wakuu, salaam. Wasanii wengi wa A-town na Moshi wanarekodia vyumbani: ukuta wa bloku, juu bati, dari ya jipsamu kama mwenye nyumba alijisikia. Ngoma ikifika kwenye kifodi (daladala ndogo), maneno hayasikiki na besi inavuma kama mashine ya kusaga. Uzi huu ni wa mafundi. Zile za "mimi nilianza na maiki ya karaoke" tuziache. Toa kipimo, sema kinachoharibika na sababu yake, mwingine apokee.

Naanza na levo. Rekodi kwa biti 24, 48 kHz. Vilele visivuke -10 dB, wastani uelee karibu na -18. Tabia ya kugusa nyekundu ili sauti "ishibe" ni urithi wa kanda. Kanda ilikuwa inalainisha kinachozidi. Kwenye kompyuta sifuri ni ukuta, kilichogonga pale kimekatwa kichwa na hakioti tena. Halafu usimpime msanii wakati anajaribu maiki kwa aibu. Mwambie aimbe kiitikio kwa nguvu zote, weka geini (nguvu ya kuingiza sauti) hapo, kisha shusha tena dB 3. Akishika mzuka atapanda tu.

Fundi wa Sakina
Hiyo besi ya kwenye kifodi ina chanzo, na chanzo ni chumba. Chukua 343, mwendo wa sauti kwa mita kila sekunde, gawanya kwa mara mbili ya urefu wa chumba. Chumba cha mita 3 kinakupa 57 Hz. Kikiwa mraba, 3 kwa 3, urefu na upana vyote vinavimba kwenye 57 ile ile. Sasa prodyuza ameweka kiti katikati kabisa ya chumba, na katikati ndipo hiyo 57 inapofifia. Hasikii besi, anaongeza. Haridhiki, anaongeza tena. Kwenye gari ambako hakuna hilo shimo, zote alizoongeza zinatoka kwa pamoja.

Sogeza kiti: kama asilimia 38 ya urefu kutoka ukuta wa mbele, yaani mita 1.15 hivi kwenye chumba cha mita 3. Spika mbili na kichwa chako vifanye pembetatu yenye pande sawa, tiwita (zile spika ndogo za sauti za juu) zikiwa usawa wa masikio.

Trei za mayai tupa, au rudisha kwa muuza mayai. Sponji nyembamba ya godoro nayo inakula sauti za juu tu. Chumba kinakuwa kizito na besi inabaki ilivyo. Tengeneza fremu za mbao 120 kwa 60, kina sentimita 15, jaza mablanketi ya mitumba. Walioko Moshi, soko la Memorial ni palepale. Yaanike juani siku nzima kwanza, la sivyo utafuga ukungu na panya humo ndani. Funika kwa kanga. Pulizia mdomo upande mmoja, pumzi ikitoka upande wa pili kitambaa kinafaa. Anza na pembe nne za chumba, kisha kuta mbili za ubavuni usawa wa kichwa chako. Zile za ukutani ziache nafasi ya sentimita 5 nyuma yake.

Majengo, Moshi
Joto la huku la Januari na Februari linamfanya kila mtu awashe feni. Feni na maiki ya kondensa, ile inayookota hata sauti ndogo, haviwezi kukaa chumba kimoja. Washa hadi chumba kipoe, zima, rekodi ubeti mmoja, washa tena. Na laptopu itoe nje kabisa, pitisha nyaya chini ya mlango.

Njiro
Mvua juu ya bati msihangaike nayo. Plagini ya kuondoa kelele itaondoa mvua na kuondoka na s na f za mwimbaji, maana kwa masikio ya programu ni kitu kilekile. Masika, muda wa mvua panga ngoma, kata vipande, nyoosha taimingi. Vokali subiri.

Bafa pia (sampuli ambazo kompyuta inazikusanya kabla ya kutoa sauti, zikiwa nyingi sauti inachelewa): 128 wakati wa kurekodi, 1024 wakati wa kumiksi. Mwimbaji anayelalamika kwamba anajisikia kwa mwangwi kwenye hedifoni, mara nyingi bafa imeachwa juu tangu miksi ya jana.

Mwalimu wa kwaya
Naomba niseme ya kwaya, maana huku Kilimanjaro ndiyo kazi kubwa. Waimbaji 24 kanisani: maiki mbili za kadioidi (zinazosikia zaidi mbele yake) kwenye stendi moja, vichwa vyake viachane sentimita 17 na pembe kati yake iwe digrii 110. Stendi ipande mita 2.5 hadi 3, isimame mita 2 hadi 3 kutoka mstari wa mbele. Kwaya isimame nusu duara. Kinanda kisitoke kwenye spika za kanisa. Kiende moja kwa moja kwenye saundi kadi, waimbaji wakisikie kwenye hedifoni.

Nafasi ikiwa ndogo, waingie kwa mafungu: watu 4 au 5 wa sauti ya kwanza, warekodi mara mbili, kisha ya pili, ya tatu, ya nne. Hedifoni sikio moja tu, wakiziba yote mawili wataanza kupanda au kushuka bila kujua. Lile kombe lililo wazi walibane nyuma ya kichwa, vinginevyo kliki (mlio wa kuhesabia tempo) inaingia kwenye maiki. Na neno kama "msifuni" likitoka kwa watu 24, s inakuwa filimbi. Waambie nusu yao wailegeze.

Fundi wa Sakina
Mwalimu hapo kwenye sikio moja amemaliza.

Ngaramtoni
Mnaoalika morani waimbe kwenye ngoma zenu, kuna mambo manne mnayakosea. Mnakata chini ya 100 Hz kwa mazoea, wakati ule mngurumo wa kooni uko humo humo, kata chini ya 40. Maiki inawekwa usawa wa kifua inaokota shanga. Ipandishe juu ya paji la uso, itazame chini mdomoni. Wakiruka, kishindo kinapita sakafuni hadi kwenye stendi. Ikunjie blanketi chini. Na msiwabane kwenye kliki. Rekodi kwanza, mwongozaji akiwa hatua moja mbele ya wenzake, kisha ramani ya tempo ifuate pumzi zao na biti (mdundo) ijengwe juu yake. Ukifanya kinyume wimbo unakuwa kama gwaride.

Pasua
Mlio wa "mmmm" wa 50 Hz: chomoa chaja ya laptopu. Ukikatika, una mzunguko wa ethi (waya wa ardhini), vifaa vyako viko kwenye soketi tofauti. Viweke vyote kwenye eksteni moja na utumie nyaya za balansi, zile zinazofuta kelele njiani. Usikate pini ya ethi. Mpiga gitaa akiligusa gitaa huku mdomo uko kwenye maiki, ethi inakuwa yeye.

Mleta uzi
Nimalizie miksi. Biti ya MP3 imeshabanwa hadi ukutani, kwa hiyo ishushe dB 6 hadi 8 kabla hujaweka vokali, kisha ipunguze dB 2 kati ya 2 na 4 kHz, ndiko maneno yanakokaa. Ukiweza kupata vipande vya biti kimoja kimoja, bora zaidi. Vokali: kata chini ya 90, punguza kidogo 250 hadi 400 kama inasikika ya kwenye ndoo, kompresa (ya kushusha panapozidi) 3 kwa 1 ikivuta dB 4 hadi 6, kisha dhibiti s kati ya 5 na 8 kHz. Dilei (mwangwi wa kurudia) ikokotoe: 60,000 gawanya kwa tempo. Tempo 92 ni milisekunde 652, nusu yake 326.

Chalii wa Kijenge
Besi yangu kwenye simu haipo kabisa, kwenye kifodi ipo. Nipandishe?

Fundi wa Sakina
Hapana chalii. Spika ya simu haitoi 50 Hz hata ukipandisha mpaka kesho. Weka satuwesheni (mkwaruzo mdogo) kidogo kwenye besi ili izae 100, 150 na 200. Sikio likizisikia hizo linaikisia 50 yenyewe. Kisha geuza miksi yote iwe mono, kushoto na kulia vikiwa kitu kimoja. Kama sinti au vokali za nyuma zinapotea, ulizipanua kwa plagini, na kushoto kunafuta kulia. Rekodi mara mbili kweli, moja kila upande.

Ukipeleka kwa fundi wa masta (hatua ya mwisho kabla ya kutoa wimbo): WAV biti 24, kilele -6, toa limita (kizuizi cha vilele) uliyobandika mwishoni. Masta ya kupandisha mtandaoni ikae karibu na -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), kilele -1. Ukiibana zaidi, Spotify wanaishusha tu, na kile ulichokibana kinabaki kimebanwa.