Naomba ushauri: syntaksi ya notsi zetu tuiandikie speki rasmi au tuache tu?

Wakuu habari za saa hizi. Tuna kiprogramu cha notsi hapa ofisini, watu wanaandika kwa Markdown (unapanga maandishi kwa alama za kawaida za kibodi), sasa mwenzangu anataka tukae tuandike speki rasmi, yaani maelezo kamili ya kanuni za syntaksi (namna ya kuandika hizo alama), kabla hatujaendelea na mimi naona ni kujitafutia kazi tu maana yenyewe ni nyota mbili neno linakolea, alama ya reli (#) mstari unakuwa kichwa, basi.

Ila ana hoja. John Gruber, aliyeibuni Markdown, alipoitoa 2004 aliacha maelezo ya kawaida tu na skripti ya Perl (kiprogramu cha kuigeuza kuwa HTML), mengine hayakunyooka, mfano orodha ndani ya orodha unasogeza nafasi mbili au nne? Na orodha iliyobanana na aya bila mstari mtupu katikati, ni orodha au aya inaendelea? Kila programu ikajiamulia. Ndo 2014 kina MacFarlane na Atwood wakaja na CommonMark, speki rasmi ya Markdown, mifano zaidi ya 600, jamani 600 kwa kitu cha kukoleza maneno! GitHub (tovuti ya kuhifadhi kodi) nao 2017 wakatoa speki yao juu ya hiyo, wakaongeza majedwali na viboksi vya kutiki.

Sasa si bora tuchukue hiyo ya GitHub kama ilivyo, mifano yake ndo iwe testi zetu, alafu tuandike kurasa chache tu za vitu vyetu kama kutaja mtu kwa @? Aliyewahi kufanya hivi, parsa (kiprogramu kinachosoma hizo alama) haikumsumbua baadae? Na anayeona mwenzangu yuko sahihi aseme tu, sinuni.