Mjadala: Mitumba ya watoto wadogo izuiwe au iachwe?

HOJA
Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondolewe sokoni hatua kwa hatua hadi 2019. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza nguo kule bila ushuru. Nchi nyingine za jumuiya zilirudi nyuma. Kwa nguo na midoli ya watoto wasiozidi miaka mitatu, mpango ule ufufuliwe?

FUNDI CHEREHANI, TANGA
Ufufuliwe. Pamba tunalima wenyewe Simiyu na Shinyanga, na kule Meatu wapo hata wakulima wa kilimo hai. Lakini sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa pamba nyuzi, kisha tunaletewa fulana zilizochoka.

Mtoto wa mwaka mmoja hahitaji kitambaa kingi. Upande mmoja wa khanga, kama sentimita 150 kwa 110, unatoa magauni matatu: vipande sita vya upana wa 40 na urefu wa 45. Uloweke usiku kucha, ufue, uanike na upige pasi kabla ya kushika mkasi. Khanga mpya ina wanga, na pamba hurudi. Ukikata kwanza, gauni litambana mtoto kwapani likishafuliwa mara mbili. Acha pindo la sentimita 5 ulifumue akirefuka.

Una shaka na kitambaa? Chomoa nyuzi chache uzichome juu ya sahani. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na huacha jivu laini. Poliesta huyeyuka, kisha huganda kama ushanga mgumu.

MUUZA MITUMBA, KARUME
Dada fundi, khanga nyingi unazokata zimechapwa India. Na belo, yaani furushi la mitumba, likizuiwa, pengo halitazibwa na cherehani za Tanga. Litazibwa na makontena ya nguo mpya za bei ya chini, na nani atatuambia zimeshonwa katika hali gani? Jengo la Rana Plaza kule Bangladesh lilipoporomoka Aprili 2013 walikufa watu zaidi ya 1,100, wengi wao washonaji wa nguo mpya za madukani.

Nguo ya kichanga huvaliwa miezi miwili mitatu, ikambana, ikawekwa. Kwa hiyo belo la watoto lina nguo nyingi zilizo karibu na mpya. Igeuze nje ndani, inyooshe magotini na makalioni dhidi ya mwanga: pakiwa pembamba kuliko penginepo, iache. Soma lebo ya ubavuni. Alama ya GOTS inataka angalau asilimia 70 ya nyuzi za kilimo hai, pamoja na masharti ya kazi kiwandani. Oeko-Tex Standard 100, daraja la I kwa watoto hadi miaka 3, inapima kemikali tu. Ujira wa mshonaji haumo. Wanunuzi wengi wanazichanganya hizi mbili.

NESI WA KLINIKI YA WATOTO, MWANZA
Ndugu zangu, mnabishana kuhusu kitambaa, na mimi kinachonitia hofu ni kilichonasa juu yake. Naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo. Mtoto mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali iliyoenea zaidi maeneo ya malaria, akivishwa nguo iliyohifadhiwa na naftalini, chembe nyekundu za damu zinaweza kupasuka. Kwa kichanga, manjano hupanda haraka na huweza kudhuru ubongo. Anika nguo juani siku nzima, fua, anika tena. Ikiwa bado inanuka, usimvishe hata kama ni nzuri kiasi gani.

Hilo linagusa nguo mpya pia, zikiwekwa kabatini na vidonge hivyo. Na nguo yoyote iliyoanikwa kivulini ikakaa na unyevu, nepi hasa, nzi wa funza huitagia mayai. Pasi ya moto pande zote mbili, mishono isisahaulike, ndiyo inayoyaua.

Koti lenye kamba ya kofia: ivute uitoe yote. Hunasa kwenye mlango au bembea na kumkaba mtoto.

FUNDI CHEREHANI, TANGA
Kaka wa Karume, umetaja nguo za juu ya belo. Za chini je? Belo la kilo 45 unalinunua limefungwa. Zenye madoa na zipu mbovu zinaishia dampo na mitaroni, na poliesta haiozi. Aliyezivaa kule hachangii hata shilingi ya kuzizoa hapa. Kama hatuzuii, basi ushuru wa belo ulipie taka zake.

SEREMALA, UNGUJA
Midoli mmeisahau. Gari la mbao la hapa nyumbani ni jema, ila si kila ubao. Vipande vya nguzo zilizotiwa dawa, vyenye ukijani, vinaweza kuwa na aseniki, usivipe mtoto. Mbao za paleti, tafuta chapa ya HT, yaani zimepashwa moto. Zenye MB zimefukizwa gesi ya sumu.

Piga msasa namba 80, kisha 120, kisha 240, na ukipitisha soksi kuukuu isinase popote. Yeyusha nta ya nyuki fungu moja kwa mafuta ya nazi mafungu manne, ndani ya chombo kilichokaa kwenye maji ya moto, upake. Ukitaka wekundu, mbegu za mzingefuri zinatosha, ijapokuwa jua huufifisha. Rangi za mafuta za makopo zisizo na maelezo kama zina madini ya risasi sizipaki kitu kinachotiwa mdomoni.

Magurudumu ndiyo hatari yenyewe. Kipimo cha kimataifa cha vitu vya kupaliwa ni kopo lenye kipenyo cha milimita 31.7, nyumbani tumia bomba la boksi la ndani ya karatasi ya chooni, ambalo ni pana zaidi. Kinachopita humo asipewe mtoto wa chini ya miaka mitatu.

MUUZA MITUMBA, KARUME
Ushuru wa taka nauunga mkono, dada, kwa sharti moja: utozwe bandarini kwa mwagizaji, si sokoni kwa mama anayepanga fulana juu ya turubai.