Mrejesho: kitabu cha dunia isiyo na kifo, mpwa wangu amekimaliza

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza kama The Declaration cha Gemma Malley (2007) kinamfaa mpwa wangu wa miaka 14. Tangu tumzike mama yangu, bibi yake, amekuwa akiuliza kwa nini dawa ya kifo haijapatikana. Wengi mlinishauri nikisome kwanza mwenyewe. Nimekisoma, nikampa.

Hadithi iko Uingereza, mwaka 2140. Watu wanameza vidonge ili wasife, na sharti lake ni kutozaa. Mtoto akizaliwa kinyume na sharti anaitwa Ziada. Anna ni mmoja wao: amefungiwa Grange Hall, anafundishwa utumishi, na anaambiwa kila siku kwamba hakustahili kuzaliwa. Shajara yake anaificha bafuni.

Hapo ndipo binti alipokwama. Alinifuata jikoni, kidole bado kiko katikati ya kurasa: "Mjomba, kwa hiyo bibi angeishi milele, mimi nisingezaliwa?"

Tulikaa mpaka chai ikapoa. Mimi nililia, yeye hakulia.

Sasa anataka mwendelezo, The Resistance. Asanteni sana mlionishauri.