Mjadala: Chai ya majani ya atemisia iruhusiwe kutibu malaria?

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa uwazi. Majani makavu ya atemisia, mmea ambao Wachina wanauita qinghao, yanauzwa na kugawiwa kama tiba ya malaria. Wanaoyatetea wana hoja yenye nguvu: kama dawa mseto tunazopewa zahanati zimetokana na mmea huu huu, kwa nini mtu asichemshe majani yake nyumbani akaachana na vidonge? Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitamka kwamba haliungi mkono chai wala unga wa atemisia kutibu au kuzuia malaria, na tangu hapo wapo wanaosema ni njama ya makampuni ya dawa. Mimi niko upande wa WHO katika hili, ila nina lawama kwa serikali zetu nitakayoisema.

Tuanze na Wachina, maana ndio wanaotajwa kila mara. Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, aliandika kuhusu homa za vipindi: chukua konzi ya qinghao, iloweke kwenye maji, ikamue, unywe maji yake. Hakusema uchemshe. Maneno hayo ndiyo yaliyompa Tu Youyou fununu. Mama huyu alikuwa mtafiti wa Beijing katika Mradi 523, mpango wa siri wa China wa kutafuta dawa ya malaria ulioanza 1967 wakati wanajeshi wa Vietnam Kaskazini wakiangamia kwa malaria. Dawa alizokamua kwenye mmea huo mwanzoni zilikuwa zinafanya kazi leo na kushindwa kesho, akahisi kwamba moto ndio unaoharibu dawa. Akatumia etha, kimiminika cha kuyeyushia ambacho huchemka kwenye nyuzi 35 hivi, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikamaliza vimelea vyote kwa panya. Mwaka uliofuata yeye na wenzake waliinywa wao kwanza, ndipo wakawapa wagonjwa. Tuzo ya Nobeli ilikuja 2015.

Kwa hiyo anayesema "Wachina wanakunywa tangu enzi na enzi" aimalizie habari. Watu waliokuwa na mmea huu tangu enzi za mababu hawakuridhika na chai. Walitoa kiini chake, atemisinini, wakakipima, wakakitengenezea dozi. China ilitangazwa kuwa haina malaria mwaka 2021, na ilifika hapo kwa vipimo, vyandarua, kupulizia dawa ya mbu na vidonge vyenye kipimo.

Kuhusu ushahidi wa chai yenyewe: utafiti uliochapishwa 2004 kutoka Kongo uliwalinganisha waliokunywa chai ya atemisia na waliopewa kwinini. Siku ya saba, waliopona kwa chai walikuwa wastani wa asilimia 74, kwa kwinini asilimia 91, na wengi wa kundi la chai vimelea viliwarudia baadaye. Upo utafiti mwingine wa Kongo, wa 2019, unaosambazwa sana kwamba chai ilishinda vidonge. Wanaousambaza hawasemi kwamba jarida lililouchapisha liliuondoa.

Sasa hapa ndipo penye uzito. Atemisinini huua vimelea haraka sana, lakini mwilini nguvu yake hupungua kwa nusu ndani ya saa chache tu. Ndiyo maana ALu, dawa mseto tunayopewa zahanati, ina dawa mbili: atemetha inapunguza vimelea kwa kasi, halafu lumefantrini inabaki siku kadhaa kumalizia masalia. Chai haina huyo wa pili mwenye kipimo kinachojulikana. Kiasi cha atemisinini hutofautiana shamba hadi shamba na msimu hadi msimu, na haiyeyuki vizuri kwenye maji. Homa inashuka, mama anashukuru, vimelea vilivyobaki vinazaliana. Kwa mtoto wa miaka miwili hiyo siku moja au mbili ya kudhani amepona inatosha kumfikisha kwenye degedege na kupoteza fahamu.

Na vimelea vinavyopigwa nusunusu hujifunza. Klorokwini tuliipoteza hivyo, Tanzania ikaiacha 2001. SP, dawa iliyochukua nafasi yake, ikafuata, tukaingia ALu 2006. Dalili za usugu dhidi ya atemisinini zimeshathibitishwa Rwanda, Uganda na Kagera. Sisemi chai ndiyo iliyoleta usugu huo. Nasema hatuna dawa ya kuchezea.

Wapo watakaosema mitishamba haina madhara. Brussels, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake zaidi ya 100 waliharibikiwa figo baada ya kutumia vidonge vya kupunguza uzito ambamo mahali pa mtishamba mmoja wa Kichina iliwekwa kimakosa aina ya aristolokia, mmea wenye sumu, na baadhi yao walipata saratani. Atemisia si sumu ya namna hiyo, na ni haki kulisema hilo. Hata hivyo CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, iliripoti 2009 mgonjwa aliyepata homa ya ini alipokuwa akitumia virutubisho vyenye atemisinini.

Lawama yangu ni hii. Mtu anayetembea saa tatu hadi zahanati akaambiwa mseto umeisha, huwezi kumlaumu akirudi na majani. Mwaka 2020 Madagascar ilipozindua kinywaji cha atemisia kwa ajili ya korona, Tanzania ilituma ndege kukifuata. Kama ndege ilipatikana, kwa nini NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili wasipewe fedha wafanye utafiti mkubwa na wa wazi wa majani haya, matokeo yatangazwe vyovyote yatakavyokuwa? Kukataza bila kupima kunawaachia wauzaji uwanja.

Mnaoitetea chai, naomba mnijibu hili moja: mtoto akinywa, homa ikashuka siku ya pili, mnajuaje kwamba vimelea vimekwisha, na nani anampima tena siku ya 28 kuona kama havijarudi?