Ukiwa na kesi ya madawa FAFSA (fomu ya kuomba msaada wa ada wa serikali ya Marekani) wanakunyima? Naombeni ushauri wakuu

Kijana wa Tandika:
Wakuu habari za muda huu. Niko Texas, nipo chuo mwaka wa pili, ada yangu inategemea Pell Grant, msaada wa serikali usiorudishwa, ile ya dola 7,395 kwa mwaka, bila hiyo narudi kubeba maboksi. Mwezi uliopita usiku polisi walinisimamisha sababu taa ya nyuma haiwaki, wakapekua gari wakakuta bangi kidogo. Sasa nataka kujaza FAFSA na nasikia ukiwa na kosa la madawa hupewi kitu. Nijaze au niache mwaka upite? Siku ya tatu leo sijalala.

Mkulima Mbozi:
Bangi tena? Wenzako huku tunauza mahindi debe kwa debe watoto wasome, wewe umefika Marekani unavuta. Muogope Mungu dogo.

Dada Minnesota:
Jaza mdogo wangu. Hiyo unayosikia ni sheria ya 1998, ilianza kubana watu mwaka 2000, ukipatikana na hatia ya kukutwa na madawa mara ya kwanza unakosa msaada mwaka mzima, mara ya pili miaka miwili. Kaka yangu 2003 alijibu ndiyo kwenye lile swali la FAFSA la kama umewahi kupatikana na hatia ya madawa, akanyimwa, akaingia kwenye teksi akasema ni mwaka mmoja tu, chuo hajarudi mpaka leo na alikuwa na kichwa kutuzidi wote. Bunge lao likaifuta Desemba 2020 na tangu fomu ya 2023-24 swali lenyewe halipo.

Kijana wa Tandika:
Ahsante sana dada umenitua mzigo. Basi Jumatatu nasaini yaishe.

Mzee Kongowe:
Unasaini nini Jumatatu? Na wewe ni raia?

Kijana wa Tandika:
Sio raia, nina grinikadi, tulipata na mama kwa bahati nasibu. Wakili niliyepewa na mahakama kasema nikubali kosa, hakimu ataahirisha hukumu, nakaa chini ya uangalizi miaka miwili, nikimaliza salama kesi inafutwa. Mimi naona nafuu, nikibisha naweza kufungwa. Halafu Desemba nina tiketi ya kwenda kumwona bibi, nishalipa.

Mzee Kongowe:
Bangi gramu ngapi?

Kijana wa Tandika:
Haikuwa bangi. Vidonge viwili vya Adderall, dawa ya kuandikiwa na daktari ya kukaza umakini, kwenye kikopo cha bigijii, alinipa rumeti wakati wa mitihani. Niliandika bangi kwa sababu niliona mtanifikiria vibaya zaidi.

Mwana Eastleigh:
Kumbe jamaa alitaka kusoma tu 😂

Sinywi Chai:
Hii chai wazee. Asubuhi bangi, mchana vidonge. Mtu ana kesi Jumatatu anakuja kuuliza fomu ya chuo?

Kijana wa Tandika:
Kaka sio chai. Mama anasafisha hoteli zamu ya usiku, akirudi saa kumi na mbili asubuhi cha kwanza anauliza FAFSA umejaza? Kesi hajui. Ndiyo maana nimeanza na FAFSA.

Mzee Kongowe:
Mwanangu usisaini Jumatatu. Mahakama ya jimbo ikifuta, uhamiaji hawafuti, kwao ukishakubali kosa na hakimu akakupa uangalizi basi umehukumiwa. Kuna msamaha wa kutofukuzwa nchini kwa kosa moja la bangi isiyozidi gramu 30 ya kuvuta mwenyewe, vidonge havimo. Na ukitoka Desemba, uwanja wa ndege ukirudi wanaweza kukuzuia. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Marekani kwenye kesi ya Padilla, dereva wa lori mwenye grinikadi kama yako, ilisema wakili lazima amwambie mteja asiye raia kama kukubali kosa kunaweza kumfukuzisha. Wako alikwambia?

Kijana wa Tandika:
Hakuuliza hata nimezaliwa wapi. Tuliongea dakika kumi kwenye korido.

Dada Minnesota:
Mpigie sasa hivi, mwambie una grinikadi, muombe tarehe isogezwe mpaka uonane na wakili wa uhamiaji. Vyuo vingi vina ofisi ya sheria ya bure kwa wanafunzi, anzia hapo kesho. FAFSA jaza leo leo, na mama mwambie.

Kijana wa Tandika:
Nimempigia hapokei, nimeacha ujumbe. FAFSA naijaza saa hizi. Mama anatoka kazini saa kumi na moja na nusu, nitamsubiri macho.