Besi ya nyuzi tano ya daraja la juu: Fodera, Sadowsky, Warwick au Music Man?

Mpiga Besi wa Lanet

Hamjambo ndugu zangu. Mimi hupiga besi katika kanisa moja hapa Nakuru, na siku za Jumamosi hupiga na bendi ya rumba inayoalikwa kwenye harusi na hoteli kuanzia Naivasha hadi Kericho. Kwa miaka tisa nimetumia besi moja ya bei nafuu ambayo sasa imechoka kabisa. Kila Januari, kiangazi kinapokolea, ncha za freti, vile vyuma vya kukanyagia nyuzi, hujitokeza ubavuni mwa shingo na kunikwaruza kiganja, na mvua za Aprili zikianza shingo hujipinda, nyuzi zikainuka mbali na freti kiasi kwamba vidole vinaniuma kabla ibada haijafika nusu.

Nimeweka akiba katika sacco kwa miaka minne na nimefikisha shilingi 420,000. Nataka kununua gitaa la besi la nyuzi tano ambalo sitalazimika kulibadilisha tena, na majina yanayotajwa mara kwa mara ninapouliza ni Fodera, Sadowsky, Warwick na Music Man. Yote yanasifiwa, lakini wanaoyasifu hawaelezi tofauti zake kwa namna inayomsaidia mtu wa Nakuru, ambaye hana duka la kwenda kuyajaribu yote manne kwa siku moja. Shida yangu kubwa ni uzi wa tano, ule mnene wa B: katika besi yangu ya sasa unanguruma tu, hautamki noti. Pia mgongo wangu haupendi uzito, hasa usiku wa kesha. Naomba anayezijua kwa mikono yake anieleze.

Mlio wa Kondele

Ndugu wa Lanet, salamu kutoka Kisumu. Kabla hatujataja kampuni, tuelewane kwanza kuhusu huo uzi wa B. Uzi wa E ukipigwa wazi hutetema takriban mara 41 kwa sekunde, na wa B takriban mara 31. Spika nyingi tunazokodishiwa kwenye harusi haziwezi kuutoa mtetemo wa mara 31 kwa nguvu yoyote ya maana. Anachokisikia mcheza dansi ni mitetemo iliyo juu yake, ile ya 62, 93 na kuendelea, kisha sikio lake lenyewe hukamilisha kilichokosekana. Ndiyo sababu besi mbili zenye nyuzi za aina moja zinaweza kutofautiana sana, moja ikinguruma na nyingine ikitamka: inayotamka ina shingo ngumu isiyoimeza mitetemo hiyo ya juu, na uzi wake umekazika vya kutosha.

Watengenezaji wamelitatua jambo hili kwa njia mbalimbali. Lakland ya Chicago iliongeza urefu wa uzi kutoka inchi 34 zilizozoeleka hadi 35. Dingwall ya Kanada hupanga freti kwa kuzitawanya kama mbavu za upepeo, hivi kwamba katika magitaa yake mengi uzi mwembamba una inchi 34 na ule wa B una 37. Music Man na Sadowsky wamebaki na inchi 34 na kuutegemea ugumu wa shingo na uunganishaji wake. Mimi nimepiga aina zote hizo na sioni kwamba urefu peke yake ndio jibu, kwa sababu inchi 37 huuchosha mkono wa kushoto katika sebene ya dakika kumi.

Sasa nieleze nilichochagua na kwa nini. Mimi ni mtu wa benga, na katika benga besi haijifichi nyuma ya ngoma; hujibizana na gitaa la kwanza, hukatiza, huacha pengo kisha huingia kwa kishindo, na msikilizaji wa huku huijua kazi ya mpiga besi kama anavyoijua sauti ya mwimbaji. Kwa kazi hiyo nilinunua Music Man StingRay ya nyuzi tano iliyokwisha kutumika. StingRay ya kwanza ilitoka mwaka 1976, Leo Fender akiwa katika kampuni hiyo baada ya kuondoka kwenye ile yenye jina lake, na kilichoitofautisha ni pikapu (kinasa mtetemo wa nyuzi) moja kubwa yenye koili mbili, na priampu, yaani kikuza sauti kidogo cha ndani ya gitaa, ya betri iliyokuja nayo kutoka kiwandani. Sauti yake ina ukali wa mbele unaopenya katikati ya magitaa mawili bila kuongeza sauti ya ampu. Tangu mwaka 2018 kuna toleo linaloitwa Special, lenye sumaku za neodimi, priampu ya volti 18 na vyuma vyepesi zaidi, na hilo ndilo ningelitafuta kwa ajili ya mgongo wako.

Fodera ingekupa furaha kubwa, lakini ningekushauri uiache. Imekuwa ikitengenezwa Brooklyn tangu mwaka 1983, Vinny Fodera na Joey Lauricella walipoianzisha, na ndiyo kampuni iliyofanya kazi na mpiga besi Anthony Jackson katika besi yake ya nyuzi sita na kumtengenezea mpiga besi Victor Wooten yale magitaa yake ya Monarch. Huagizwa kwa kipimo cha mtu, kama suti. Matoleo yake maalum hupita dola 10,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 1.2 hata kabla ya usafirishaji na ushuru, na ukinunua iliyopimwa kwa ajili ya mwingine utakuwa umelipia suti ya mwingine.

Fundi wa Kakamega

Nimewasoma nyote kwa makini. Kazi yangu ni kutengeneza magitaa, na mengi yanayonifikia hutoka makanisani. Naomba niongeze jambo ambalo wapiga besi hulikumbuka baada ya kununua: shingo imeunganishwaje na mwili?

Kuna shingo iliyofungwa kwa skrubu, na kuna shingo ambayo ni kipande kimoja kinachopita katikati ya mwili wote mpaka kwenye daraja la nyuzi. Hiyo ya pili hupatikana kwenye Fodera nyingi na kwenye baadhi ya Warwick, na ni nzuri kutazama, na mkono hufika juu bila kizuizi. Lakini ikipinda vibaya au kupasuka, sina ninaloweza kulifanya hapa bila kuligusa gitaa zima. Ile ya skrubu naifungua kwa dakika chache, naweka kipande chembamba cha kuinua pembe, naifunga tena. Music Man wameenda hatua moja mbele, kwa kuwa kile chuma cha ndani ya shingo kinachorekebisha upinde wake kina kigurudumu kinachoonekana mwisho wa shingo, karibu na mwili, nawe unaweza kukizungusha kwa kijiti cha chuma bila kulegeza nyuzi wala kufungua chochote. Kwa mtu anayeishi Nakuru, takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, anayepata kiangazi kikavu kisha mvua ndefu, na ambaye Jumamosi moja huenda akaitwa Kisumu kwenye joto na unyevu wa ziwa, kigurudumu hicho kina thamani kuliko rangi yoyote ya mwili. Zungusha robo tu, subiri usiku mmoja, kisha pima tena.

Kuhusu Warwick, ninaipenda na nitasema waziwazi kwa nini. Kampuni hii ya Ujerumani iliyoanzishwa na Hans-Peter Wilfer mwaka 1982 ilijijengea jina kwa mbao za Afrika: wenge kwa shingo na bubinga kwa mwili, miti ya misitu ya Kameruni, Kongo na jirani zake. Wenge ni ngumu na nzito, shingo yake haiyumbi ovyo, na ile sauti ya kukoroma ya Thumb, mojawapo ya besi zao, yenye utajiri wa katikati, sijaipata kwingine. Inanigusa kila ninapoifungua moja, kwamba mti wa bara letu ulipelekwa Ujerumani na kurudi kwetu kwa bei ambayo wachache wanaimudu, ilhali mafundi wetu wana mikono ya kuuchonga. Lakini nawe ulitaja mgongo. Mwili wa bubinga ni mzito, na Thumb ina pembe fupi ya juu, hivyo kichwa chake huelekea chini na bega la kushoto hulipa gharama. Isitoshe, Warwick nyingi hupakwa mafuta na nta badala ya vanishi ngumu. Mkono huteleza vizuri, ila mbao hupumua zaidi, na ni lazima upake nta mara kwa mara.

Kama kuna aliyekutisha kuhusu sheria za mbao, bubinga iliingizwa katika CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mnamo Januari 2017, lakini tangu mwishoni mwa mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika zimeondolewa kwenye masharti hayo.

Dada wa Milimani, Nakuru

Kaka wa Lanet, tuko mji mmoja. Ninaheshimu aliyosema ndugu wa Kondele, lakini anazungumza kama mtu wa benga, na wewe nusu ya kazi yako ni kanisa. Kanisani mkono wa kushoto wa mpiga kinanda hukaa palepale anapokaa mpiga besi. Ukileta gitaa lenye ukali wa StingRay, mtashindana naye kila wimbo wa taratibu. Kabla ya kununua chochote, zungumza naye apunguze noti za chini. Kwangu mazungumzo hayo yalileta tofauti kubwa kuliko nyuzi mpya.

Mimi hupiga Sadowsky. Roger Sadowsky alianza kazi New York mwaka 1979, na sifa zake zilikua alipoiboresha besi ya Fender Jazz Bass ya mwaka 1977 ya mpigaji Marcus Miller. Anachokifanya ni kuichukua sura ya Jazz Bass na kuisafisha: mwili una vyumba vya uwazi ndani ili kupunguza uzito, na yangu haifiki kilo 4. Priampu yake huongeza tu, haipunguzi; sauti nzito huongezwa karibu na mitetemo 40 kwa sekunde (40 Hz) na ukali karibu na 4,000 Hz. Hapo uwe mwangalifu, kwa maana 40 Hz ndiyo ile noti ya E iliyotajwa, na katika ukumbi wa mabati ukizungusha kitufe hicho kupita kidogo tu, miksa nzima inajaa matope. Mimi karibu sikigusi.

Tahadhari moja ya fedha. Jina Sadowsky lina ngazi kadhaa. Zile za New York ndizo za gharama kubwa. MetroLine zilitengenezwa Japani kuanzia 2003, na tangu 2020 zinatengenezwa na Warwick huko Markneukirchen, Ujerumani. MetroExpress hutengenezwa China. Zote ni magitaa ya heshima, lakini nimeona muuzaji akiitangaza MetroExpress kwa bei iliyokaribia ya MetroLine, huku akiandika Sadowsky tu. Omba picha ya kichwa cha gitaa na ya namba yake, kisha uwaandikie watengenezaji wenyewe kabla ya kutuma hata shilingi.

Mpiga Besi wa Lanet

Nawashukuru kutoka moyoni. Warwick naiacha kwa ajili ya mgongo na Fodera kwa ajili ya mfuko, nazo nimezielewa sasa kuliko awali. Zimebaki mbili. Swali langu la mwisho: betri ikiisha katikati ya wimbo, nini hutokea?

Mlio wa Kondele

Hapa Dada wa Milimani ananishinda kwa haki. StingRay ya kawaida haina njia ya kupita kando ya priampu, kwa hiyo betri ikifa, gitaa linanyamaza. Sadowsky ina kitufe unachokivuta na kuendelea kupiga bila betri. Mimi hubadilisha betri kila baada ya miezi sita na huchomoa waya kila ninapomaliza, kwa kuwa waya ukiwa ndani betri huendelea kuliwa. Na katika hesabu yako kumbuka kwamba VAT ya asilimia 16 hutozwa juu ya thamani ya gitaa pamoja na usafirishaji, bima na ushuru wa forodha, kwa hiyo usitafute gitaa la shilingi 420,000. Tafuta la takriban 270,000 huko linakotoka. Jumamosi zijazo mbili sina kazi. Njoo uipige yangu.

Dada wa Milimani, Nakuru

Yangu unaweza kuipiga hata kesho, baada ya mazoezi ya kwaya.

Mpiga Besi wa Lanet

Nitafanya yote mawili. Kesho nitakuja Milimani, kisha Jumamosi nitapanda gari la Kisumu. Nitabeba ile ampu ndogo ninayoitumia kanisani, pamoja na seti moja ya nyuzi mpya kwa kila gitaa kama wenyewe mtaniruhusu kuzifunga, ili niusikilize uzi wa B kwenye spika ileile nitakayoipigia.